Gatumba: Ukuta wa mmoja, ziwa la wanne

Ukitoka katikati ya Bujumbura kwa Barabara ya Taifa namba 4 kuelekea Uvira, Ziwa Tanganyika huliona upande wa kushoto kwa vipande vipande: hapa hoteli, pale ukuta wa nyumba ya mtu, halafu uwazi mdogo wenye matete na mtumbwi uliopinduliwa. Hapo ni Kajaga, ambako kiwanja kinachogusa maji kina bei yake. Mbele kuna mto Rusizi, kisha Gatumba yenyewe, kisha mpaka wa Kongo. Kwa msafiri, Gatumba ni mahali pa kugonga mhuri, kubadilisha fedha na kuendelea na safari. Kwa mkazi wake ni mahali ambapo kwa miaka kadhaa mtu amekuwa akilala bila kujua maji yatamjia kutoka upande gani.

Mwezi Aprili 2020 yalikuja kutoka mtoni. Rusizi ilivunja kingo zake na maelfu ya familia zikakimbia, nyingi zikaishia kwenye mahema ya Sobel huko Maramvya. Mwaka uliofuata ziwa lenyewe lilipanda na kuingia kutoka kusini. Mwaka 2024 vyote viwili vilikutana. Katika mitaa kama Mushasha, Kinyinya na Warubondo watu walipita kwa mitumbwi mahali walipozoea kupita kwa baiskeli, na viboko wakasogea karibu na milango ya nyumba. Usawa wa ziwa ulikaribia mita 777 juu ya bahari, kiwango ambacho wazee walikuwa wamekiona mara ya mwisho mwaka 1964. Aprili hiyo, Serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa pamoja wa msaada, wakieleza kwamba tangu Septemba 2023 watu zaidi ya 200,000 nchini walikuwa wameathiriwa na mvua na mafuriko.

Maji yakishuka, ubishi hupanda. Mwenye hoteli anataka gati lake lirudi na ukuta uwe mrefu zaidi. Mwenye nyumba ya matofali mabichi anataka kujua kama ajenge tena palepale au ahame. Mvuvi anataka mwalo wa kuvutia mtumbwi wake, usiozibwa na ukuta wa yeyote. Wote watatu wanazungumzia mstari mmoja, ule ambapo nchi kavu inaishia, na mstari huo ndio usiokaa mahali pamoja.

Beseni lenye tundu dogo

Mtu anayejenga kando ya bwawa la umeme ana bahati moja: kuna mtu mwenye funguo za milango. Bwawa lina usawa wa juu na usawa wa chini ulioandikwa kwenye karatasi, na fundi wa gati hupima nguzo zake kwa kufuata karatasi hiyo. Ziwa Kivu, ambako Rusizi huanzia, lina mlango wa namba hiyo kwenye kituo cha umeme cha Mururu, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ziwa Victoria nalo, tangu bwawa la Owen Falls lilipokamilika huko Jinja mwaka 1954, hutolewa maji na mkono wa binadamu.

Tanganyika halina mlango wa kufungwa na kufunguliwa. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina kinachofika mita 1,470, na maji yake hutoka kwa njia mbili tu. Sehemu kubwa kabisa hupotea hewani kwa jua na upepo. Sehemu ndogo hutoka kwa mto Lukuga, pale Kalemie upande wa Kongo, ikaenda kuungana na Lualaba. Mvua ikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, beseni hujaa upesi, kisha huchukua miaka kupungua, kwa sababu tundu lake ni dogo na jua halina haraka.

Historia ya tundu hilo ingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi inayotoa vibali vya ujenzi. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliufikia mdomo wa Lukuga, na Stanley akafika miaka miwili baadaye akaukuta umezibwa na matope na mafunjo, huku ziwa likizidi kupanda. Mnamo 1878 kizibo kilisukumwa na maji. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10. Wabelgiji walioanzisha kituo cha Karema mwaka 1879, kwa nia ya kukaa jirani na maji, walijikuta wakiyatazama kwa mbali. Huko Ujiji, mahali panapokumbukwa kwa kukutana kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871, mgeni wa leo hutembea mwendo mzuri kabla ya kulowesha miguu.

Kwa hiyo ziwa hili limewaacha watu mkavuni na limewazamisha watu, yote ndani ya umri wa vizazi vitano au sita. Mjenzi anayekuja mwaka wa maji mengi huweka gati juu mno. Anayekuja mwaka wa ukame hulisogeza chini mno, na hiyo ndiyo hesabu iliyowaponza wengi wa Kajaga na Gatumba. Viwanja vingi vya ufukweni viligawanywa na kujengwa katika miongo ambayo ziwa lilikuwa limelala chini, na mchanga uliokuwa wazi ukaitwa ardhi.

Gati la nguzo na gati la mapipa

Gati la kawaida la mtu binafsi kwenye ufukwe huu ni la mbao: nguzo za mikaratusi zimepigiliwa kwenye mchanga, mihimili ya kukatiza, na mbao za kukanyagia juu yake. Ni rahisi, na fundi yeyote wa paa anaweza kulijenga. Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kwanza, nguzo haiozi chini kabisa ambako ina maji siku zote, wala juu ambako ni kavu. Huoza katikati, pale inapolowa na kukauka kila mwaka. Kwa nje inaonekana nzima, hadi siku kreti za bia zinapopakuliwa. Pili, sakafu yake ina kimo kimoja tu. Katika mwaka wa kawaida ziwa hupanda na kushuka kiasi kisichozidi mita moja hivi, likiwa juu kabisa karibu na Mei na chini kabisa karibu na Oktoba au Novemba. Hilo gati la nguzo linalimudu. Lakini kati ya miaka ya ukame na mwaka 2024 tofauti ilikuwa ya mita kadhaa. Sakafu ikizama, mawimbi huipiga kutoka chini na kuing'oa ubao kwa ubao, na mbao zinazoelea huenda kubomoa ukuta wa jirani.

Jibu ambalo wengi hulifikiria ni gati linaloelea. Hesabu yake si ngumu. Pipa la plastiki la lita 200 likizama lote hubeba takriban kilo 200, ukiwemo uzito wake lenyewe na wa mbao zilizo juu yake. Mwenye busara huhesabu nusu ya hapo ili gati lisiyumbe watu wakikusanyika upande mmoja. Mapipa hufungwa chini ya fremu, fremu hushikwa kwa minyororo iliyopishanishwa hadi kwenye nanga za zege, na daraja lenye bawaba huunganisha gati na nchi kavu. Watu hukosea kwenye daraja. Kama ziwa linaweza kubadilika kwa mita 4, daraja la mita 5 litageuka ngazi. Ili mtu aliyebeba ndoo ya ndagala apite bila kuteleza, linatakiwa lisipungue mita 12, na hapo bei inaanza kumfukuza mjenzi.

Na kuna upepo. Kuanzia Mei, maji yakiwa juu, kusi huanza kuvuma kwa nguvu na kuyasukuma mawimbi kaskazini. Mawimbi hayo yana mamia ya kilomita za ziwa la kukimbilia kabla hayajakutana na kitu, na kitu chenyewe ni ufukwe wa Bujumbura na Gatumba. Gati la mapipa hustawi kwenye ghuba iliyojikinga. Gatumba haina ghuba. Linaloelea hapa linafaa tu kama lina vipande vinavyofunguliwa na kuvutwa juu mchangani kabla ya kusi kukolea, kama mvuvi anavyovuta mtumbwi. Wavuvi hawakuhitaji mhandisi kuwaambia hivyo. Katika ufukwe mzima, chombo kilichovumilia vizuri kupanda na kushuka kwa ziwa ni mtumbwi.

Bandari kubwa ni habari nyingine. Bandari ya Bujumbura, ambayo ukarabati wake umesaidiwa na Japan kupitia JICA na pia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ina uzito wa kutosha kujengewa gati la zege na mabamba ya chuma, na meli zinazotoka Kigoma haziwezi kufungwa kwenye mapipa. Lakini anayeangalia kuta za bandari na kusema "nami nijengee hivi" nyuma ya nyumba yake, anaiga mwili bila kuwa na mifupa.

Ukuta unaochimba

Ukuta wa wima ndio kila mtu huutaka, kwa sababu hauli kiwanja. Unasimama mpakani na bustani inabaki yote. Wimbi likiupiga haliishiwi nguvu. Hugeuka, hushuka, na kuchota mchanga kwenye unyayo wa ukuta. Msimu baada ya msimu shimo hukua, hadi ukuta unainamia ziwani kama mlevi. Mwishoni mwa ukuta mambo ni mabaya zaidi, maana wimbi lililonyimwa nafasi hapa hujipinda na kumla jirani asiye na ukuta. Jirani huyo, akiwa na fedha, hujenga wake, na hasara inasogea kiwanja kimoja mbele. Mwisho wa mstari huo kuna mtu asiye na fedha. Kwa upande wa magharibi, mwisho wa mstari ni Gatumba.

Udongo nao hauna msaada. Uwanda wa Imbo hapa ni mchanga na tope lililoletwa na Rusizi, laini na lililojaa maji. Ukuta mzito huzama ndani yake, na hata usipozama, maji hupita chini yake. Mwaka wa mafuriko kuna nyumba ambazo ukuta wake ulikuwa bado umesimama huku sebule ikiwa na maji magotini: yalichipuka kutoka sakafuni, na mvua iliyonyesha ndani ya uzio ikakosa pa kutokea.

Kinga inayodumu ni mteremko wa mawe. Mawe makubwa hupangwa kwa kulala, juu ya kitambaa cha kuchujia kinachopitisha maji na kuzuia mchanga, mazito zaidi yakiwekwa chini. Wimbi hupanda mteremko, hupenya kwenye matundu na kuchoka. Lakini mteremko mzuri wa kukinga kimo cha mita 2 hula mita 4 za kiwanja, na katika eneo ambalo watu wamenunua kila hatua, hakuna anayezitoa kwa hiari. Tena Gatumba haina mawe; yanatakiwa kuletwa kwa lori kutoka vilimani. Masanduku ya waya yaliyojazwa mawe ni njia ya kati, yanaweza kuinama bila kupasuka, ila waya unapokatika mawe humwagika yote kwa siku moja. Viroba vya mchanga, silaha ya asiye na kitu, hufaa kwa wiki za hatari. Vikiachwa juani huchanika, na mchanga unarudi ulikotoka ukiacha plastiki.

Kulikuwa na kinga nyingine iliyofanya kazi bure. Matete na mafunjo huvunja wimbi kabla halijafika, mizizi yake hushika mchanga, na samaki wadogo hujificha humo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, hatua chache kutoka barabarani, bado yapo. Nje ya hifadhi yalifyekwa ili ziwa lionekane kutoka kwenye kiti cha baa.

Mita 150, kutoka wapi?

Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inasema ukanda wa mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika usijengwe, na mita 25 kwenye kingo za mito inayoingia katika ziwa hilo. Nchi jirani zina vipimo vyao. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inataja mita 60. Uganda, kwa kanuni za mwaka 2000, inataka mita 200 kwenye maziwa makubwa kama Victoria. Kenya, kwa kingo za mito, inataja kati ya mita 6 na 30, zikihesabiwa kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko iliyowahi kurekodiwa.

Maneno hayo ya mwisho yana thamani kuliko mita zenyewe. Gatumba ni tambarare kiasi kwamba ziwa likipanda mita moja, maji hutembea mbali sana. Mahali ambapo ardhi inainuka mita 1 kwa kila mita 200, ukipima mita 150 kutoka kwenye maji ya Oktoba ya mwaka wa ukame, umepima ndani ya ziwa la Mei ya mwaka wa mvua. Mwenye kibali anaweza kuwa ametii sheria na bado akafuga viboko uani.

Mara kadhaa mamlaka zimetangaza kwamba majengo yaliyo ndani ya mita 150 yabomolewe. Utekelezaji ni mgumu, kwa sababu ukanda huo una watu wa aina mbili ambao hawafanani kwa lolote isipokuwa anwani. Kuna wenye hoteli na majumba, waliojenga wakiwa na makaratasi au marafiki. Na kuna familia zilizokaa hapo kwa sababu ndipo palipo na samaki, shamba la mpunga na soko la mpakani. Wa kwanza akiambiwa ahame, anapoteza mtaji. Wa pili anapoteza riziki, na baadhi ya waliopelekwa vilimani Mubimbi walijikuta kwenye ardhi kavu ya juu, mbali na ziwa na mbali na Uvira. Ukitaka mtu aondoke kwenye maji, unatakiwa kumwonyesha atakula nini huko aendako. Bila hilo, kila kiangazi atarudi Gatumba na koleo lake, na hakuna wa kumlaumu.

Funguo ziko Kalemie

Hata ukanda wote ukisafishwa na matete yakapandwa upya, kimo cha ziwa hakitaamuliwa Gatumba. Wakati wa Wabelgiji, katika miaka ya 1950, lilijengwa banio kwenye mdomo wa Lukuga, likaja kuharibika. Kwa miaka mingi Tanzania imekuwa ikizungumza na Kongo kuhusu kulijenga upya, na sababu yake ilikuwa kinyume kabisa na kilio cha Gatumba: ziwa lilikuwa linashuka, na magati ya Kigoma yalikuwa yanabaki na maji machache. Banio la kuinua ziwa kidogo lingeokoa meli upande wa mashariki. Banio hilohilo, katika mwaka kama 2024, lingeongeza maji Mushasha. Isipokuwa liwe na milango, na milango hiyo iwe na kanuni.

Ziwa Victoria limeonyesha kwamba milango haimalizi ugomvi. Mei 2020 ziwa hilo lilivunja rekodi yake ya 1964, mialo ya Kenya, Uganda na Tanzania ikazama, na Jinja ikawa kati ya kufungulia maji yawafurikie walio kando ya Nile au kuyazuia yawafurikie walio kando ya ziwa. Lakini angalau kulikuwa na mtu wa kupigiwa simu.

Tanganyika lina meza ya kukalia. Mkataba wa usimamizi wa ziwa ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyozaliwa nao ina makao yake Bujumbura, kwenye ufukwe huohuo unaoliwa. Watatu kati ya hao wanne sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo ikiwa imeingia mwaka 2022. Katikati ya Mei 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi 3 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi hizo, ingawa ulikuwa uamuzi mchungu kwa kila mwenye wavu. Samaki wamepatiwa tarehe ya pamoja. Kimo cha kizingiti cha Lukuga bado hakijapatiwa namba ya pamoja: Kigoma ingependa isishuke chini ya kiasi gani, Bujumbura isipande juu ya kiasi gani, Kalemie ilipwe nini kwa kukaa na ufunguo, na Mpulungu upande wa Zambia iseme nini.

Kwa sasa kila mmoja anajenga kwa namba yake. Kando ya Barabara ya Taifa namba 4 alama ya maji ya 2024 inaweza kusomwa kwenye kuta, mstari wa kahawia usawa wa kiuno au wa dirisha kutegemea nyumba, na anayeweka msingi mpya huanza kwa kuutafuta mstari huo, kisha anaongeza tofali kadhaa kwa kadiri ya mfuko wake.